Bustani ya Uhuru: Historia na Huduma za Uwanja wa Umma Katikati ya Nairobi

Bustani ya Uhuru, ambayo wakazi wengi wa Nairobi huiita Uhuru Park, ni bustani ya umma yenye ukubwa wa hekta 12.9, sawa na takriban ekari 32, iliyo kando ya kitovu cha biashara cha jiji kuu la Kenya. Ilifunguliwa rasmi kwa wananchi tarehe 23 Mei 1969 na Rais wa kwanza wa Jamhuri, Hayati Mzee Jomo Kenyatta. Tangu siku hiyo imekuwa mahali pa kupumzikia, pa kuabudia, pa kufanyia sherehe za taifa na pa wananchi kutoa kilio chao kwa viongozi. Ni vigumu kuitaja historia ya Kenya huru bila kupita katika nyasi zake.

Makala haya yanaeleza asili ya bustani hiyo, matukio makuu yaliyofanyika humo, huduma inazotoa, na namna ardhi yake ilivyonusurika mara mbili kugeuzwa kwa matumizi mengine.

Mahali Ilipo

Upande wa mashariki bustani inapakana na barabara ya Uhuru Highway, inayoitenganisha na majengo ya katikati ya jiji, yakiwemo Majengo ya Bunge. Upande wa kaskazini barabara ya Kenyatta Avenue inaitenganisha na bustani jirani ya Central Park. Kusini iko barabara ya Haile Selassie Avenue, na upande wa magharibi ardhi inapanda kuelekea eneo la Upper Hill, ambako siku hizi zimejengwa ofisi nyingi, hospitali na mahoteli. Kanisa Kuu la All Saints, la Kianglikana, liko karibu sana na bustani, na ukaribu huo ulikuja kuwa na maana kubwa katika historia yake.

Mteremko huo wa ardhi ndio unaoipa bustani sura yake. Anayekaa juu, upande wa magharibi, huliona jiji lote mbele yake: Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, KICC, lenye ghorofa 28, pamoja na minara mingine iliyojengwa baadaye. Chini, mahali ardhi inapokuwa tambarare, pana ziwa dogo la kuchimbwa na uwanja mpana wa mikutano. Kwa sababu ya mteremko huo, umati mkubwa huweza kuketi kwenye majani na kila mtu akaona jukwaa bila kuhitaji viti.

Asili ya Bustani

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea Uganda. Jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Katika miaka ya ukoloni makazi yaligawanywa kwa misingi ya rangi, na Mwafrika aliyefika mjini alilazimika kubeba kipande kinachoonyesha yeye ni nani na anamfanyia nani kazi. Barabara kuu inayopita kando ya bustani iliitwa wakati huo Princess Elizabeth Highway.

Baada ya Kenya kupata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, majina ya barabara yalibadilishwa, na barabara hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ardhi iliyo kando yake ilipotengwa na kufunguliwa kama bustani mwaka 1969, nayo ilipewa jina hilohilo. Maana yake ilikuwa wazi: katikati ya mji ambamo Mwafrika alikuwa akitembea kwa kibali, sasa palikuwa na ardhi ambayo mwananchi yeyote angeweza kuingia na kuketi bila kuulizwa amekuja kwa nani.

Bustani ya Uhuru si ya kwanza jijini. Bustani ya Jeevanjee, iliyo katikati ya mji, ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906. Shamba la miti la Arboretum lilianzishwa mwaka 1907, na City Park, iliyo katika eneo la Parklands, ni ya enzi za ukoloni pia. Hata hivyo, Bustani ya Uhuru ndiyo iliyozaliwa baada ya uhuru, na ndiyo taifa lililoichagua kwa shughuli zake kubwa.

Uwanja wa Ibada na Sherehe

Kwa miongo kadhaa bustani hii imekuwa mahali pa ibada za halaiki. Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa hapa alipozuru Kenya mwaka 1980, na tena Agosti 1985 wakati Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa. Wahubiri wa madhehebu mbalimbali wameendesha mikutano ya injili katika uwanja huu. Katika siku za kazi, wakati wa mapumziko ya mchana, wafanyakazi wa ofisini wamezoea kuvuka Uhuru Highway wakaketi kwenye nyasi, wengine wakipumzika na wengine wakisikiliza mahubiri.

Vyama vya wafanyakazi vimeadhimisha hapa Siku ya Wafanyakazi Duniani, tarehe 1 Mei, kwa miaka mingi. Nyongeza ya mshahara wa kima cha chini, ambayo mfanyakazi wa nyumbani au wa kiwandani huisubiri kwa hamu, imetangazwa mara nyingi kutoka jukwaa la bustani hii.

Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa hapa kuwa Rais wa tatu wa Kenya, akipokea madaraka kutoka kwa Daniel arap Moi aliyekuwa ameongoza kwa miaka 24. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru kwa chama tawala kushindwa katika uchaguzi na kukabidhi serikali kwa upinzani. Kibaki, aliyekuwa ameumia katika ajali ya barabarani wakati wa kampeni, alikula kiapo akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu mbele ya umati mkubwa uliojaza mteremko wote.

Jengo la Ghorofa 60

Tukio lililoipa bustani hii sifa duniani lilianza mwaka 1989. Shirika la Kenya Times Media Trust, lililohusishwa na chama tawala cha KANU na mwekezaji kutoka Uingereza, Robert Maxwell, lilipanga kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani. Jumba hilo lingekuwa na ofisi, kumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000, na mbele yake ingesimamishwa sanamu kubwa ya Rais. Gharama yake ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 200 za Marekani. Lingekuwa na ghorofa zaidi ya mara mbili ya zile za KICC.

Profesa Wangari Maathai, mwanasayansi na mwanzilishi wa Vuguvugu la Green Belt lililokuwa likiwahimiza wanawake wa vijijini kupanda miti tangu mwaka 1977, aliupinga mpango huo. Silaha yake ya kwanza ilikuwa barua. Aliziandikia ofisi za serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyoko Nairobi na ubalozi wa Uingereza, akiuliza kama wakazi wa London wangekubali jengo la namna hiyo katika Hyde Park, au wa New York katika Central Park yao. Hoja yake haikuwa ngumu kueleweka. Tajiri ana bustani nyumbani kwake na ana klabu ya kwenda jioni. Mkazi wa chumba kimoja katika mtaa wenye msongamano hana mahali pengine pa kuwapeleka watoto Jumapili ila hapa.

Majibu yalikuwa makali. Novemba 1989 wabunge walisitisha shughuli zao za kawaida ili kumshutumu, na wanawake wa vuguvugu lake wakadhihakiwa kuwa ni kundi la walioachika. Ofisi za vuguvugu hilo zilizokuwa katika jengo la serikali zikatakiwa kuhamwa. Maathai akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Mnamo Desemba mahakama ilitupilia mbali ombi lake, ikiamua kwamba hakuwa na haki ya kuishtaki kampuni husika, na kwamba maoni yake binafsi hayakuwa na uzito katika shauri hilo.

Kisheria alikuwa ameshindwa. Lakini barua zake zilikuwa zimeshasomwa mbali, na wafadhili waliotarajiwa kutoa mikopo walianza kuuliza kwa nini nchi yenye mahitaji mengi ijenge mnara wa namna hiyo. Mpango ulipunguzwa kwanza, kisha ukaachwa kabisa. Ua uliokuwa umezungushwa katika sehemu ya bustani ukaondolewa, na wananchi wakarudi kwenye nyasi zao.

Akina Mama wa Freedom Corner

Tarehe 28 Februari 1992 kundi la akina mama, wengi wao wazee kutoka vijijini, walikusanyika katika pembe ya bustani iliyokuja kuitwa Freedom Corner, yaani Pembe ya Uhuru. Watoto wao wa kiume walikuwa gerezani kwa sababu za kisiasa. Wakiandamana na Maathai na watu wengine waliowaunga mkono, waliketi hapo na kugoma kula, wakisema hawataondoka mpaka watoto wao waachiliwe.

Tarehe 3 Machi polisi waliwatawanya kwa nguvu. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao mbele ya askari, tendo ambalo katika mila za jamii nyingi nchini ni laana nzito kwa kijana anayemnyanyasa aliye rika la mama yake. Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu na kupelekwa hospitalini. Akina mama hao walihamia Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache kutoka bustanini, na wakaendelea na mgomo wao humo kwa muda wa karibu mwaka mzima. Wengi wa wafungwa hao waliachiliwa kufikia mwanzoni mwa mwaka 1993.

Mwaka 2004 Maathai alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alipofariki dunia tarehe 25 Septemba 2011, serikali ilimwandalia mazishi ya kitaifa, na ibada yake ikafanyika katika bustani hiyohiyo tarehe 8 Oktoba. Kwa kuheshimu kazi ya maisha yake, jeneza lake halikuchongwa kwa mbao. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Katiba Iliyotiwa Saini Bustanini

Tarehe 27 Agosti 2010 Rais Kibaki alitia saini na kuizindua Katiba mpya ya Kenya katika Bustani ya Uhuru, baada ya wananchi kuipitisha kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti. Wengi huikumbuka siku hiyo kwa mizinga, nyimbo na umati. Lakini kuna jambo moja katika maandishi ya Katiba hiyo linalofaa kukumbukwa na kila anayepita bustanini.

Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote anayeona haki hiyo imekiukwa, au iko hatarini kukiukwa, kwenda mahakamani, na kinasema wazi kwamba halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Kifungu cha 62 kinafafanua ardhi ya umma, na Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha.

Kwa maneno mengine, haki ambayo mahakama ilisema mwaka 1989 kwamba Maathai hakuwa nayo, sasa ni ya kila mtu. Na Katiba iliyotoa haki hiyo ilitiwa saini juu ya ardhi ileile aliyokuwa akiitetea. Kama jumba la ghorofa 60 lingejengwa, sherehe hiyo ingetafutiwa uwanja mwingine.

Kumbukumbu za Mashujaa

Tarehe 12 Septemba 2015 ilizinduliwa katika bustani hii sanamu ya kuwakumbuka waathiriwa wa mateso ya enzi ya ukoloni, hususan katika miaka ya vita vya Mau Mau iliyoanza 1952. Gharama yake ilitolewa na serikali ya Uingereza, kufuatia makubaliano ya mwaka 2013 ambapo nchi hiyo ilikubali kuwalipa fidia wazee 5,228 waliopitia mateso hayo.

Sanamu yenyewe inaonyesha mwanamke akimpa chakula mpiganaji wa msituni. Hawatazamani: kila mmoja ameelekeza uso wake kando. Ndivyo ilivyofanyika wakati huo, ili mmoja akikamatwa na kuteswa asiweze kumtaja mwenzake. Mwalimu anayewaleta wanafunzi bustanini atapata hapo somo la historia ambalo ni rahisi kulieleza na gumu kulisahau.

Mnara mwingine mkubwa, wa Nyayo, uliojengwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka kumi ya utawala wa Rais Moi, uko upande wa pili wa Kenyatta Avenue katika Central Park. Mgeni anaweza kuitembelea minara yote miwili kwa miguu katika saa moja.

Huduma kwa Wageni

Kwa familia nyingi za Nairobi, Bustani ya Uhuru ni matembezi ya Jumapili na sikukuu. Ziwa limekuwa kivutio kikubwa tangu mwanzo; watoto na wapenzi hukodi mashua na kuzunguka kwa kupiga kasia. Kando yake wapiga picha wamejipatia riziki kwa kuwapiga wageni picha zenye majengo ya jiji nyuma yao. Albamu za nyumba nyingi nchini zina picha ya namna hiyo: baba katika suti, mama na watoto waliovishwa nguo za sikukuu, na KICC kwa mbali.

Bustani ina njia za kutembelea, nyasi za kupumzikia, miti ya kivuli, viti na jukwaa la mikutano. Mwaka 2021 ilifungwa pamoja na Central Park kwa ukarabati mkubwa uliosimamiwa na Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS. Kufungwa huko kulizua mjadala: baadhi ya wananchi walihofia miti kukatwa na sura ya bustani kubadilishwa, huku wasimamizi wakieleza kuwa lengo lilikuwa kurejesha usalama, usafi na mandhari yaliyokuwa yamechakaa. Baadaye bustani ilifunguliwa tena kwa umma.

Anayetaka kuizuru hahitaji gari. Kutoka katikati ya jiji ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na matatu za njia nyingi za magharibi na kusini mwa jiji hupita kando yake. Mgeni anashauriwa kuvuka Uhuru Highway mahali palipotengwa kwa waendao kwa miguu, kuja mchana, na kuondoka na taka zake.

Mtihani wa Pili

Mwaka 2019, miaka 30 baada ya barua za Maathai, bustani ilikabiliwa na tishio jingine. Mipango ya awali ya barabara ya juu ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilionyesha kwamba sehemu ya ardhi ya bustani kandokando ya Uhuru Highway ingechukuliwa. Vuguvugu la Green Belt na wananchi wengine walipinga, wakikusanyika tena Freedom Corner. Serikali ilitangaza kwamba mpango ungerekebishwa ili bustani isiguswe. Barabara hiyo ilianza kutumika mwaka 2022, ikipita juu ya Uhuru Highway kando ya bustani.

Tofauti kati ya matukio hayo mawili inastahili kuzingatiwa. Mwaka 1989 aliyeuliza swali alidhihakiwa bungeni na kufungiwa mlango wa mahakama. Mwaka 2019 swali liliulizwa hadharani, likajibiwa, na ramani ikabadilishwa. Barabara ikajengwa, na bustani ikabaki.

Thamani ya Ardhi Iliyo Wazi

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Nairobi ina wakazi 4,397,073 katika eneo la takriban kilomita mraba 696, ambalo sehemu yake ni hifadhi ya wanyama na misitu. Kila mwaka shinikizo la kupata ardhi ya kujenga linaongezeka, na katika hesabu za mwekezaji hekta 12.9 zilizo hatua chache kutoka Bungeni zinaweza kuonekana kama mali iliyolala.

Historia ya bustani hii inaonyesha vingine. Rais aliapishwa hapa, Katiba ikatiwa saini hapa, mama aliyemlilia mwanawe akaketi hapa, na mtoto wa mtaa wa mbali akapanda mashua kwa mara ya kwanza hapa, kwa sababu hapakuwa na jengo. Ziwa, jukwaa na sanamu ni huduma muhimu, lakini huduma kubwa kuliko zote ni ardhi yenyewe kubaki wazi na kubaki ya wote.

Jukumu la kuitunza ni la Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi na taasisi nyingine za umma. Haki ya kuuliza inatunzwaje ni ya kila mwananchi, na imeandikwa katika Katiba iliyozinduliwa bustanini humo.